Nosferatu Mpya Ilivyotazamwa Kigoma: Mgeni Huyu Aliitwa na Nani?

Ukitaka kujua kama filamu ya zamani ya kutisha imetengenezwa upya kwa akili au kwa tamaa ya fedha tu, usihangaike kwanza na wingi wa damu. Tazama mwongozaji ameiweka wapi hofu. Nosferatu ya Robert Eggers, iliyoanza kuonyeshwa Marekani siku ya Krismasi ya mwaka 2024 na kufika katika mabanda ya video ya Kigoma kwa mwendo wake wa pole, imeiondoa hofu bandarini na kuiingiza chumbani, na kwa maoni yangu uhamisho huo ndio unaoifanya istahili saa mbili na dakika 12 za mtazamaji, pamoja na kasoro ambazo sitazifunika. Nimeitazama kwa namna mbili: kwanza katika banda moja la mtaa wa Mwanga, sauti ya DJ wa kutafsiri ikiwa juu yake, na baadaye nyumbani kwa shangazi yangu Ujiji, ikiwa na sauti zake yenyewe na maandishi chini ya picha. Karibu zilikuwa filamu mbili tofauti, na kwa kuwa msomaji wa hapa ataipata kwa mojawapo ya njia hizo, nitazisema zote.

Filamu ya kwanza ya jina hili ilitengenezwa Ujerumani na F. W. Murnau na kuonyeshwa Berlin mwezi Machi 1922, zama ambazo filamu hazikuwa na sauti. Kampuni ya Prana-Film ilichukua kisa cha Dracula, riwaya ambayo Bram Stoker aliitoa mwaka 1897, ikabadilisha majina ya wahusika na kukihamishia katika mji wa Ujerumani, lakini haikuomba ruhusa wala haikulipa chochote. Mjane wa Stoker akaenda mahakamani, na mwaka 1925 ikaamriwa kwamba nakala zote ziteketezwe. Baadhi zilinusurika, na ndizo zilizotufikia; kwa hiyo kazi inayoheshimiwa leo kama mama wa filamu za wanyonya damu ilianza maisha yake kama mali ya wizi, habari ambayo wenye mabanda wetu, ambao nao hawana mazoea ya kuomba ruhusa, wanaweza kuipokea kwa faraja kidogo. Hata ile imani kwamba mwanga wa jua humuua mnyonya damu, ambayo watoto wa siku hizi wanaijua kana kwamba imerithiwa kutoka kwa mababu, ilitokana na filamu hiyo. Dracula wa Stoker hutembea mchana bila kudhurika.

Kisa chenyewe hakijabadilika sana tangu wakati huo. Kijana anayefanya kazi ya kuuza nyumba, Thomas Hutter, anatumwa hadi milima ya Transylvania kumpelekea hati kabaila mmoja aitwaye Orlok. Kabaila huyo si mtu aliye hai. Anasafiri kwa meli akiwa ndani ya jeneza, panya wanashuka pamoja naye, tauni inaenea mjini, na anayebaki kuwa ngao ya watu wote ni Ellen, mke wa Thomas, ambaye hana budi kumzuia Orlok kando yake hadi jogoo awike.

Katika filamu ya Murnau, hofu kubwa ilikuwa ni ya maradhi na mgeni anayeyaleta. Ulaya ilikuwa imetoka kuzika mamilioni ya watu, wa vita na wa homa ya mafua ya mwaka 1918, na mtu yeyote aliyeingia ukumbini alikuwa na marehemu wake. Kuna sehemu moja, isiyo na zimwi wala damu, ambayo nimeirudia mara nyingi: Ellen anasimama dirishani, na chini yake, katika kichochoro chembamba, wanaume waliovaa nguo nyeusi na kofia ndefu wanapita wawili wawili wakibeba majeneza, mwendo wao ni wa taratibu, na msururu unaendelea hadi jicho linachoka kutafuta mwisho wake. Kabla ya hapo tumemwona ofisa akipita akiweka alama za chaki kwenye milango. Hayo ndiyo yote. Vijana niliowaonyesha kipande hicho, ambao walikuwa wamemcheka sana Orlok wa zamani alipoinuka kutoka kwenye jeneza akiwa amekakamaa kama ubao, waliacha kucheka.

Lakini hofu ya namna hiyo ina sumu ndani yake. Wachambuzi wengi wamesema kwamba sura ya Orlok wa mwaka 1922, yenye pua ndefu na kucha kali na panya nyuma yake, inafanana mno na katuni za chuki zilizokuwa zikichorwa Ulaya dhidi ya Wayahudi, na kwamba kisa cha mgeni kutoka mashariki anayenunua nyumba katikati ya mji na kuwaua wenyeji kwa maradhi hakikuwa kisa kisicho na madhara katika nchi ile, miaka ile. Mtu anayeitengeneza upya leo hawezi kujifanya halijui jambo hilo.

Sisi wa Kigoma tuna sababu zetu za kulijua. Huu ni mji wa bandari na wa mpakani, na habari ya meli iliyobeba wageni na maradhi haihitaji kufafanuliwa hapa. Mei 2015, wakimbizi wa Burundi walipojaa katika kijiji cha Kagunga, pale kwenye ufuko mwembamba kati ya milima na Ziwa Tanganyika, kipindupindu kililipuka miongoni mwao, na meli ya Liemba ndiyo iliyotumika kuwaleta hadi Kigoma mjini, wakapokelewa katika Uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambi ya Nyarugusu. Nani asiyekumbuka maneno yaliyosemwa sokoni wakati ule? Wakimbizi walikuwa wameugua kwa kukosa maji safi na vyoo, lakini mitaani ilisemwa kwamba wamekuja na ugonjwa, kana kwamba wameufunga kwenye mizigo yao. Filamu inayosema kwamba kifo hushuka na mgeni gatini, ikionyeshwa hatua chache kutoka gati yenyewe, inagusa kitu ambacho si mchezo. (Niseme pembeni kwamba Liemba pia ni kazi ya Wajerumani wa zama hizohizo: ilishushwa majini hapa Kigoma mwaka 1915, na Murnau alipokuwa akionyesha filamu yake Berlin, meli hiyo ilikuwa chini ya maji ya ziwa, ikisubiri kuibuliwa mwaka 1924.)

Eggers ametatua jambo hili kwa kubadilisha swali. Hatuulizi tena ni nani aliyekuja, tunauliza ni nani aliyemwita. Kabla ya jina la filamu kutokea tunamwona Ellen akiwa bado msichana, peke yake usiku, akilia na kuomba apate mwenzi yeyote, malaika, roho, chochote kile, na anayeitikia dua hiyo ni Orlok. Miaka inapita, Ellen anaolewa na mtu anayempenda, mwaka ni 1838, na ndipo deni linapodaiwa. Katika filamu ya Murnau, Orlok aliiona picha ya Ellen mikononi mwa mumewe na kuvutiwa na shingo yake, na Ellen akamshinda kwa kuwa alikuwa mwanamke asiye na doa. Ellen wa sasa ana historia na Orlok, ana aibu, ana hamu ambayo hawezi kumwambia mumewe na ambayo daktari anaitibu kwa kumfunga kamba na kumpa dawa ya usingizi. Kikulacho ki nguoni mwako, na filamu nzima imejengwa juu ya maana hiyo: meli, panya na majeneza ni matokeo tu ya jambo lililoanzia katika upweke wa mtoto mmoja wa kike ambaye hakuna aliyemsikiliza.

Nilipoitazama Ujiji, shangazi aliipambanua filamu hii mapema kuliko profesa aliyemo ndani yake, yule anayeitwa kumchunguza Ellen. Ellen alipoanza kupinda mgongo, macho yakigeuka juu na sauti ikibadilika, alisema bila kuinua macho kutoka kwenye mchele aliokuwa akiuchambua, "Huyo hana kifafa, mwanangu. Ana jini mahaba, na jini mwenyewe ana wivu, ndiyo maana mume katumwa mbali." Binamu yangu akamwambia, "Sasa shangazi, si wamtafutie shehe?" Akajibu kwamba shehe atafanya nini ikiwa mwenye mwili hataki kusema lini alimkaribisha. Sijasoma uchambuzi wowote uliolisema jambo hili kwa ufupi kuliko hivyo. Anayejua habari za majini mahaba, yaani kila mtu aliyekulia pwani au katika miji kama Ujiji, hahitaji kuelezwa kwa nini Orlok anamtia Thomas sahihi katika hati ya lugha asiyoijua, wala kwa nini hati hiyo inahusu ndoa na si nyumba, wala kwa nini kinachochukuliwa kwa Thomas ni kidani chenye nywele za mkewe. Mambo hayo, ambayo mtazamaji wa Ulaya huenda aliyaona kuwa mapambo ya kizamani, hapa yana mantiki kamili.

Katika banda la Mwanga hali ilikuwa nyingine kabisa, na sababu yake ni ndogo kiasi cha kuudhi. DJ aliyetafsiri nakala ile, ambaye ni fundi wa maneno na nisingependa kumdharau, alianza kazi kwa kujitambulisha, akawasalimu mashabiki wake wa mikoa mbalimbali, akataja namba yake ya simu mara mbili na kumshukuru aliyemfadhili, na maneno hayo yote yakaifunika ile dua ya mwanzo. Alipomaliza salamu, dua ilikuwa imekwisha na msichana alikuwa ameanguka bustanini. Tangu hapo, kwa watu wote waliokuwa bandani, Orlok alikuwa ni mgeni mwovu aliyetoka mbali kuja kumwibia mtu mke, basi. DJ naye akaifuata njia hiyo: meli ilipoingia aliongeza utani juu ya watu wa ng'ambo na magonjwa yao, na banda likacheka kicheko ambacho mimi sikukifurahia. Kwa kukosa sentensi chache za mwanzo, filamu ya mwaka 2024 ilikuwa imerudishwa mwaka 1922.

Kwa haki yake, kuna sehemu ambazo DJ aliziongezea ladha. Herr Knock, mwajiri wa Thomas ambaye ni mtumishi wa siri wa Orlok, anapomng'ata njiwa kichwa ndani ya hospitali ya vichaa, maelezo yake yalikuwa ya kuchekesha na kutisha kwa pamoja, na mabaharia walipokuwa wakifa mmoja baada ya mwingine alinyamaza, jambo ambalo madjei wengi hawaliwezi.

Kuhusu picha, sina neno baya. Mpiga picha ni Jarin Blaschke, ambaye amefanya kazi na Eggers kwa miaka mingi, na filamu imepigwa kwa mkanda halisi wa milimita 35. Usiku wake umefifishwa rangi hadi karibu kuwa mweusi na mweupe, na ndani ya nyumba mwanga unatoka kwenye mishumaa na moto wa kuni. Thomas anasimama njia panda katikati ya msitu, theluji inaanguka, na gari la farasi lisilo na mwendeshaji linamjia likiwa dogo kama sisimizi, linakua, linageuka, mlango unafunguka. Hakuna kelele ya kushtua. Kivuli cha mkono kinachopita juu ya mapaa ya mji mzima ni heshima kwa Murnau, ambaye kivuli chake kikipanda ngazi ndicho kilichoifanya filamu ya zamani ikumbukwe, lakini Eggers hakukiiga, amekikuza. Kwa kazi hiyo, pamoja na mavazi, mandhari na urembaji, filamu iliteuliwa kuwania Oscar nne mwaka 2025, ingawa haikupata hata moja.

Uzuri huohuo ndio tatizo la mabanda yetu. Filamu yenye giza kiasi hiki haiwezi kuonyeshwa saa tisa alasiri katika banda la mabati lenye matundu ya misumari, jua la Kigoma likipenya kila upande na kuchora nukta nyeupe juu ya runinga. Sehemu nzima ya ndani ya kasri la Orlok niliiona kama mtu anavyoona ndani ya kisima. Vijana waliokaa mbele yangu walibishana kama Orlok ana sharubu au ni kivuli. Ana sharubu, nzito, na kwa kweli sharubu hizo ni uamuzi wa maana: Bill Skarsgård, ambaye mashabiki wa mabandani wanamkumbuka kwa uso wa mchekeshaji katika It ya mwaka 2017, hapa amevalishwa kama kabaila wa Transylvania aliyekufa karne nyingi zilizopita na kuoza akiwa ndani ya koti lake la manyoya, na kwa njia hiyo ile pua ya katuni za chuki imeachwa kaburini. Wapo waliolalamika kwamba sharubu zinachekesha. Mimi naona zimemrudishia utu wa kutosha ili tumwogope kama mtu mwenye cheo, ardhi na sheria upande wake.

Sauti yake, kwa upande mwingine, imepita kiasi. Skarsgård alifundishwa na mwimbaji wa opera ili aishushe, na imeshuka kweli, lakini kila neno linatoka kwa kukoroma na kuvutwa hadi mtu anatamani amalizie sentensi badala yake. Kasoro ya pili ni profesa. Willem Dafoe anaigiza vizuri kama kawaida yake, na kuna utani ndani yake kwa wanaojua kwamba mwaka 2000 aliwahi kumwigiza Max Schreck, yule aliyekuwa Orlok wa mwaka 1922. Ila kazi aliyopewa ni kueleza kwa maneno makubwa mambo ambayo picha imekwisha kuyasema. Murnau hakuwa na sauti, na ukimya ule ulimlazimisha amwamini mtazamaji. Eggers ana sauti na anaitumia kupita mahitaji.

Kasoro ya tatu ndiyo inayoniuma zaidi. Kwa kuihamishia hofu chumbani, filamu imeliacha tauni liwe pambo. Panya ni wengi, mitaa ina maiti, lakini watu wa mji hawana nyuso. Tunayoyajua ni maumivu ya familia moja tajiri, ya Friedrich Harding na mkewe Anna, na hata hao wanauawa ili kumsukuma Ellen kwenye uamuzi wake. Werner Herzog, aliyeitengeneza upya Nosferatu mwaka 1979 akiwa na Klaus Kinski na Isabelle Adjani, aliweza kushika vyote viwili. Katika filamu yake Adjani anapita katika uwanja wa mji uliojaa majeneza na panya, na watu waliokwisha kuambukizwa wameandaa meza, wanakula na kunywa mvinyo kwa adabu, wakijua kwamba hawana tena cha kuogopa. Eggers, aliyetumia takriban dola milioni 50 na kuvuna zaidi ya mara tatu yake, hana picha moja ya mji inayolingana na hiyo.

Hata hivyo nampendelea kuliko wengi wanaorudia kazi za wakubwa. Gus Van Sant aliirudia Psycho, filamu ya Alfred Hitchcock, mwaka 1998 karibu picha kwa picha, akiongeza rangi tu, na hakuna aliyejua aliifanya kwa nini. John Carpenter alifanya kinyume chake mwaka 1982 katika The Thing: aliichukua filamu ya mwaka 1951 yenye kiumbe mmoja kutoka angani, akairudisha karibu na hadithi iliyoizaa, na kumfanya kiumbe huyo ajifiche ndani ya miili ya wenzake shujaa, hata pasiwe na wa kumwamini. Ilipotoka ilipigwa vita na wahakiki, na leo inatajwa miongoni mwa filamu bora za kutisha. Eggers amesimama upande wa Carpenter, ingawa heshima yake kwa Murnau inamfunga mikono mahali ambapo angeweza kuthubutu zaidi.

Mzazi ajue kwamba hii si filamu ya watoto hata kidogo. Marekani imewekewa daraja linalomtaka aliye chini ya miaka 17 aingie na mzazi, kwa sababu ya utupu, ngono na mauaji, wakiwemo watoto wadogo wanaouawa mbele ya macho; bandani niliwaona watoto wa shule ya msingi wakiwa wamekaa mstari wa mbele na sare zao, na aliyepokea shilingi mia tano zao hakuuliza lolote. Mwenye kutaka kuitazama vizuri na aitazame usiku, taa zikiwa zimezimwa. Ukienda kuwekewa kwenye flashi, omba nakala isiyotafsiriwa yenye maandishi chini, na kabla hujalipa mwambie kijana wa duka aifungue dakika za mwanzo ili uhakikishe kwamba unamsikia msichana akiomba. Na kama intaneti yako inaruhusu, ile ya mwaka 1922 inapatikana bure; ni ya saa moja na nusu hivi, haina maneno ya kutafsiriwa zaidi ya maandishi machache, na katika simu inaonekana vizuri kuliko hii mpya inavyoonekana bandani.